Mbotela Yupi? Otieno Gani?

Panda mathree yoyote ya Jogoo Road, mwambie makanga, "Nishukishe Mbotela." Atagonga mabati mara mbili, dere atasimama, utashuka. Hakuna abiria hata mmoja atakuuliza, "Mbotela yupi?" Kwetu Eastlando hilo ni jina la mahali, kama vile Hamza ama Donholm. Unashuka, unavuka barabara, unaenda zako.

Lakini kabla liwe jina la mtaa, Mbotela lilikuwa jina la watu. Na si mtu mmoja, ni watatu angalau wanaojulikana, kila mmoja na kazi yake. Acha niwapigie stori yao kwanza, kisha niwaambie kwa nini imenikwama kichwani tangu nianze kutafuta keja.

Wa kwanza ni James Mbotela, mwandishi. Kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilichapishwa mwaka wa 1934. Kinasimulia habari za watu waliotekwa bara, wakatembezwa hadi pwani, wakauzwa, wakapakiwa majahazini, kisha meli za Waingereza zikawakamata wachuuzi baharini na kuwashukisha mateka Freretown, Mombasa. Freretown ilianzishwa na wamisheni miaka ya 1870. Kama umewahi kupita Kengeleni ukienda Nyali, hiyo kengele iliyoupa mtaa jina bado iko. Ilikuwa ikilia, watu wanajua watekaji wako karibu. James hakuwa anaandika habari za watu baki. Ukoo wake wenyewe ulitoka kwa hao waliookolewa.

Wa pili ni Tom Mbotela, mwanasiasa. Huyu ndiye mwenye mtaa. Aliwahi kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, kile kile cha Jomo Kenyatta. Tom alitaka mambo yaende polepole, kwa mazungumzo, na alipinga njia ya Mau Mau waziwazi. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya ukoloni ikatangaza hali ya hatari. Novemba mwaka huo huo, Tom akauawa hapa hapa Nairobi. Tafadhali usimchanganye na Tom Mboya, yule wa barabara na sanamu pale tao. Mboya aliuawa Julai 1969, nchi ikiwa huru tayari. Wasee wengi nimewauliza "Tom Mbotela ni nani?" wakanijibu habari za Mboya bila hata kusita.

Wa tatu wazazi wetu wanamjua kwa sauti: Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji. Alizaliwa 1940 huko huko Freretown. Kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? kilianza 1966 na kikaendelea miaka na miaka, akiuliza Wakenya maswali ya adabu. Ni ungwana kumtembelea mtu wakati wa chakula bila kumwambia? Ni ungwana kusoma gazeti la jirani kwenye basi? Mpira nao aliutangaza mpaka mtu aliyekaa kijijini bila televisheni akauona kwa masikio. Na tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waliojaribu kupindua serikali walipotaka taifa liwaamini, walimtafuta yeye, wakamlazimisha atangaze redioni kwamba serikali imeanguka. Walijua Mkenya akisikia ile sauti ataamini. Alifariki tarehe 7 Februari 2025.

Mwandishi, mwanasiasa, mtangazaji. Jina moja, kazi tatu.

Sasa nikuulize swali la Nairobi. Ukimsikia mtu anaitwa Mbotela, unamweka kabila gani?

Ona vile akili imetafuta na imekosa. Freretown iliwakusanya watu kutoka sehemu nyingi za bara, wengine mbali kabisa upande wa Malawi ya leo, wakaishi pamoja na Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani. Jina kama hilo halikai kwenye zile droo zetu za kawaida. Halikuambii mtu atapiga kura vipi, anakula nini, au mazishi yake yatakuwa wapi. Inabidi umuulize mwenyewe, "Kwani wewe unafanya nini?" Na hapo ndipo stori inaanza.

Mtaa wetu umejaa majina ya aina hiyo, tatizo ni kwamba tumeyageuza kuwa steji. Ofafa Maringo na Ofafa Jericho zimebeba jina la Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa 1953, vita vikiwa vimepamba moto. Mtaa wa Kimathi nao ni wa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Fikiria hapo kidogo. Mbotela aliwapinga Mau Mau, Kimathi aliwaongoza, na leo majina yao yako Eastlando moja. Mtoto wa Mbotela anaenda kucheza boli Kimathi Jumamosi na anarudi nyumbani salama, bila kujua hao wawili wasingeketi meza moja.

Ukifika Jericho kuna Lumumba pia. Patrice Lumumba hakuwa wa Jogoo Road. Alikuwa Mkongo, aliyefanya kazi ya posta, akauza bia, kisha akawa waziri mkuu Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa akiwa na miaka 35. Baada ya hapo Afrika nzima ikalichukua jina lake. Dar es Salaam kuna mtaa wa Lumumba, Kampala kuna barabara ya Lumumba, na watoto wengi wakaitwa Lumumba mahali ambapo wazazi hawajawahi kusikia Kilingala. Hapa Kenya ukisema Lumumba, kijana wa rika langu anamwona PLO Lumumba, wakili, aliyezaliwa 1962, akaja kuwa mkurugenzi wa tume ya kupambana na ufisadi mwaka wa 2010. Waziri mkuu wa Kongo na wakili wa Kenya, jina moja.

PLO ni herufi tatu. P ni Patrick, L ni Loch. O ni Otieno. Na hapo ndipo mimi naingia, kwa sababu mimi pia ni Otieno.

Nilizaliwa usiku, ndiyo maana. Kwa Wajaluo mtoto wa usiku ni Otieno akiwa mvulana na Atieno akiwa msichana, wa mchana jua likiwa kali ni Ochieng, wa wakati wa mvua ni Okoth. Jina langu linakuambia saa tu. Kama saa ya ukutani.

Mwaka jana nilikuwa natafuta singo, mahali sitapataja. Nikapiga nambari iliyobandikwa getini. Mama akashika simu vizuri sana. "Karibu kijana wangu, ni elfu saba, maji iko, stima ni tokeni." Nikamwambia naweza kuja jioni na depositi. Akasema, "Sawa, unaitwa nani nikuandike?" Nikasema Otieno. Kukawa kimya. Kisha, "Ngoja nitakupigia, kuna mtu alikuwa ameulizia." Hakupiga. Saa kumi na mbili jioni rafiki yangu wa kike, mwenye jina la upande mwingine wa nchi, akapiga nambari ile ile. Nyumba ilikuwa wazi. Aliambiwa hata aje na godoro kesho.

Na si sisi tu tunaofanyiwa hivyo. Jamaa yangu mmoja mwenye jina la Mlima Kenya alijibiwa hivyo hivyo mtaa mwingine, na landilodi alikuwa wa kwetu. Kila upande una ploti zake za "nitakupigia." Kila miaka mitano uchaguzi ukikaribia, hizo simu zinakuwa fupi zaidi. Waliokuwa wakubwa 2007 na 2008 wanajua jina la pili lilivyoweza kukufungia mlango, na lilivyoweza kukuua.

Kwa hivyo nikaenda kutafuta: Otieno ni nani hasa? Kama huyo mama alinisikia jina akaona mtu, aliona mtu gani?

Labda alimwona Musa Otieno, beki. Nahodha wa Harambee Stars, yule aliyeongoza timu Kombe la Afrika Tunisia 2004, akacheza miaka mingi Cape Town na Santos. Huyo hata ningempa nyumba bila depositi.

Labda aliona S.M. Otieno, wakili. Hiyo stori waulize wazazi wako, watakaa chini kwanza. S.M. Otieno alikuwa wakili mkubwa wa Nairobi, mtu wa Shakespeare na suti, mwenye mke Mkikuyu na nyumba Ngong. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake akataka azikwe shambani kwao Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, atazikwa Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufaa na maiti ikakaa mochari miezi mitano. Mei 1987 ukoo ukashinda. Mahakama ilisema, kwa kifupi, kwamba mtu aliyezaliwa Mjaluo anabaki chini ya mila za Kijaluo, hata aishi mjini namna gani. Miaka yote ya sheria, vitabu na Nairobi, mwishowe jibu likatoka kwa alikozaliwa.

Ama labda aliona Otieno mwingine kabisa, huyu ambaye watu husahau kumhesabu: Wambui Otieno, mjane mwenyewe. Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki, aliyewafanyia Mau Mau kazi ya siri Nairobi akiwa msichana, akaingia siasa, kisha akasimama kortini mbele ya nchi nzima kumpigania mumewe. Alibeba jina Otieno mpaka watu wakamjua kwalo. Kama kweli jina ni kabila, Wambui Otieno tunamweka wapi? Kwenye ile simu yangu, angesema "Wambui" angepata nyumba. Angesema "Otieno" angeambiwa kuna mtu ameulizia. Mtu ni yule yule.

Beki, wakili, mpiganaji, na wakili mwingine aliyelificha kwenye herufi O. Huyo mama hakumwona hata mmoja wao. Mimi pia hakuniona, mtu wa kamera na kompyuta anayelipa kodi tarehe tano. Alichosikia ni herufi sita akafunga daftari.

Najua mtu ataniambia, "Buda, jina ni asili, usilidharau." Silidharau. Nalipenda, na nikipata mtoto usiku najua ataitwaje. Lakini kuna tofauti kati ya jina kukuambia mtu ametoka wapi na jina kukuambia mtu ni nani. La kwanza linaweza kusaidia. La pili halijawahi kuwa kweli, na wakina Mbotela ndio ushahidi wangu, kwa sababu ukoo mmoja ulitoa mtu wa kalamu, mtu wa siasa na mtu wa maikrofoni, na hakuna hata mmoja ungeweza kumkisia kwa kusikia jina tu.

Kitu kinachonisumbua zaidi ni hiki: Eastlando ilijengwa na watu wa kila mahali waliokuja kutafuta kazi. Jengo moja lina Mkamba ghorofa ya chini, Mluhya katikati, Msomali juu, na nguo zao zinaanikwa kamba moja. Sheng yenyewe ilizaliwa hapa kwa sababu watoto walikataa kusubiri wazazi wakubaliane lugha. Sisi ndio tulipaswa kuwa wa mwisho kumpima mtu kwa jina la pili. Badala yake tumekuwa wataalamu. Mtu akijitambulisha kwa jina la Kizungu tunamkazia, "La kwenu?" Akituambia tunajifanya hatukuwa tunauliza kitu.

Siku hizi mitaa ya zamani inazungumziwa kubomolewa ili ghorofa mpya zipande. Sina shida na lifti. Lakini naomba majina yabaki, na yakibaki yaandikwe ukutani ni ya nani. Tom Mbotela, mwanasiasa, aliuawa 1952. Ambrose Ofafa, diwani, aliuawa 1953. Mtoto asome akienda dukani kununua maziwa, ajue steji anayoshukia ilikuwa mtu, na huyo mtu alikuwa na msimamo wake, maadui wake na kazi yake.

Na wewe unayesoma, kama una ploti, ama mzazi wako ana ploti: ukiulizia jina, ongeza swali la pili. Muulize anafanya nini. Muulize analipa lini. Hayo ndiyo yatakuhusu kila mwezi, si ukoo wake.

Mwishowe keja nilipata. Landilodi ni mzee mmoja mstaafu wa reli. Nilipomwambia naitwa Otieno aliuliza swali moja tu: "Otieno gani, yule wa mpira?" Nikamwambia hapana mzee, mwingine. Akanipa ufunguo.

Niambie jina lako unalishiriki na nani anayejulikana, na yeye anafanya kazi gani. Tuone orodha itafika wapi.