Mti uliokatwa kichwa Texas ukakataa kufa

Ukitaja Texas mbele ya kijana wa Bongo, harakaharaka atakutajia kofia pana, ng'ombe, farasi na visima vya mafuta. Hajakosea, vyote vipo. Lakini leo, msomaji wangu, nakupeleka kona nyingine ya jimbo hilo la huko Unyamwezini, ambako nilikutana na watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaoamka alfajiri ya Jumamosi kwenye baridi kali kwenda kung'oa kisiki porini. Si cha kuni wala mkaa. Ni kisiki cha kwenda kupandwa kwenye sahani!

Sikutanii. Mambo hayo yanaitwa bonsai, neno la Kijapani lenye maana ya kitu kilichopandwa kwenye chombo kifupi. Wachina ndio walioanza zamani hizo, Wajapani wakaupokea ujuzi na kuupiga msasa, Wamarekani wakadandia baadaye. Wengi wetu tunadhani bonsai ni mbegu ya ajabu inayozaa miti mbilikimo. Wapi! Ni mti uleule ambao ukiuacha porini unakuwa mkubwa kuliko nyumba yako. Unabaki mdogo kwa sababu kuna mtu kila mwaka anaukata matawi, anaupunguza mizizi na kuubana kwenye chungu, huku akiulisha na kuunywesha kama mtoto.

Safari yangu ilikuwa mwishoni mwa Januari 2024. Mwenyeji wangu ni kaka mmoja, mtoto wa Tanga, anayeishi Austin miaka mingi na kazi yake ni kutengeneza viyoyozi. Kwa joto la Texas wakati wa kiangazi, fundi kiyoyozi ni mtu anayeheshimika kuliko daktari. Kazi hiyo inamwingiza kwenye mashamba ya watu, na huko ndiko macho yake yalikoanza kuchungulia visiki.

Tulitoka Austin bado giza, tukashika barabara namba 290 kuelekea magharibi, njia inayopita Dripping Springs hadi Johnson City, mji mdogo alikokulia Lyndon Johnson, rais wa Marekani kuanzia 1963 hadi 1969. Eneo lote hilo wanaliita Nchi ya Vilima. Sahau Texas ya sinema. Hapa ni vilima vya mawe ya chokaa, mito yenye maji ya kijani, dungusi kakati kila upande wakikusubiri uteleze, na miti mifupi iliyokomaa kwa taabu. Udongo wenyewe ni kiganja tu, chini yake mwamba.

Mti uliojaa kuliko yote ni jamaa ya mreteni, ila wenyeji wanauita mwerezi. Usicheze nao! Kila majira ya baridi unamwaga vumbi la maua yake hewani, na mji mzima unapiga chafya. Wanaiita homa ya mierezi. Mimi niliyekwenda bila hata leso niliumwa mafua ya wiki nzima, macho mekundu kama niliyelala kilabuni.

Katikati ya hiyo mierezi ndimo unamokuta mti tuliouendea: elmu. Nimesema elmu, si elimu. Duniani kuna aina nyingi za elmu, na hii ya Texas inaitwa elmu wa mierezi kwa sababu mara nyingi inaota jirani na hiyo mierezi ya mafua. Jani lake ni dogo na linakwaruza. Ukilipitisha kwenye ngozi utakumbuka lile jani la msasa ambalo mafundi wa zamani walisugulia mbao. Kwa watu wa bonsai, jani dogo ni mali. Mti wa nusu mita wenye majani kama ya mpapai utakuwa kichekesho.

Sasa sikia hii. Texas zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni ya watu binafsi. Huingii tu ukachimba, utakaribishwa kwa bunduki. Kwa hiyo mti wa kwanza unaoutafuta si elmu, ni ruhusa. Kaka yangu aliipata kwa mzee mmoja mfugaji ambaye alimtengenezea kiyoyozi. Pembeni ya geti la mzee huyo kulikuwa na elmu moja iliyopata mateso ya kila aina. Ng'ombe wameitafuna, paa wameitafuna, jua limeichoma. Ilikuwa na urefu unaonizidi kidogo, lakini shina lake chini lilikuwa nene kama paja la mtu mzima, limejikunja na magamba yake yamepasukapasuka.

Mateso hayo ndiyo yanayotafutwa. Mti uliotafunwa miaka nenda rudi unanenepa chini bila kurefuka, na sura hiyo ya uzee mtu hawezi kuitengeneza nyuma ya nyumba kwa mwaka mmoja wala mitano. Wajapani wana neno lao kwa miti inayochukuliwa porini namna hiyo, yamadori, na ndiyo inayothaminiwa sana.

Tatizo lilikuwa moja. Mzee alikuwa ameuza shamba. Nchi ya Vilima siku hizi inajaa nyumba kwa kasi ya ajabu, na pale getini ndipo barabara mpya ingepita. Katapila lilikuwa linaingia Jumatatu.

Tulimkuta amesimama getini na kikombe cha kahawa, kofia kichwani, maneno machache. Akatuambia mti ule ulikuwepo tangu yeye mtoto, na baba yake alikuwa akifungia farasi hapo. Kisha akamuuliza kaka swali moja tu:

"Na ukifa?"

"Ukifa, mzee, nitakuja kukuambia mwenyewe. Lakini Jumatatu utakufa kwa hakika."

Mzee akatikisa kichwa, akasogea pembeni. Kazi ikaanza.

Jambo la kwanza alilofanya kaka lilinishtua. Alichukua msumeno akaukata mti kichwa! Ukabaki mgumba usiofika hata kiunoni. Nikapiga kelele, "Kaka, si tumekuja kuuokoa?" Akacheka. "Mdogo wangu, mizizi karibu yote inabaki ardhini. Mizizi michache haiwezi kunywesha matawi yote hayo. Ukiuonea huruma juu, unaua chini."

Akachora duara kuuzunguka, kama sentimita 40 kutoka kwenye shina, tukaingia na sululu na mtaimbo. Wiki hiyo mvua ilikuwa imenyesha, udongo umelainika, lakini mwamba haujui mvua. Saa mbili na nusu nzima! Mizizi minene tuliikata kwa msumeno wa mkono, ile myembamba kama nywele tukaikinga kwa maji. Bahati ikawa upande wetu, kwani kwa sababu ya lile jiwe chini, mizizi ilikuwa imetambaa kwa mapana kama vidole vya mkono uliokandamiza meza. Kwenye chungu kifupi, huo ndio utajiri wenyewe.

Kwa nini Januari na si wakati mwingine? Elmu hupukutisha majani majira ya baridi na kulala. Chakula chake kimehifadhiwa kwenye shina na mizizi. Ukiung'oa umelala, ukiamka machipuko yakianza kuvimba unakuta uko kwingine na akiba yake anayo. Ukiung'oa ukiwa umejaa majani kwenye jua la Texas, unakauka haraka.

Tulipomaliza tukauviringisha mizizi kwa magunia mabichi, tukafukia shimo vizuri, ingawa kesho kutwa yake lingeraruliwa na katapila. Nilimuuliza kaka ya nini. Akajibu kwamba ukiacha shimo kwenye shamba la mtu, ruhusa ya pili huipati.

Nyumbani kwake Austin ndiko nilikokuta hospitali yenyewe. Uani kuna mabenchi, na juu yake masanduku ya mbao yenye visiki vya kila umri. Mgonjwa wetu aliingizwa kwenye sanduku, akafukiwa si kwa udongo bali kwa vijiwe vyepesi vya volkano, vile vyenye vitundu, ili maji yapite na mizizi ipate hewa. Akafungwa kwa waya asitikisike, maana kila mtikisiko unakata vimizizi vipya. Majeraha yakapakwa dawa ya kuziba. Halafu? Halafu hakuna. Mwaka mzima ni maji tu. Hakuna kukata wala kukunja, na mbolea haitolewi hadi mti wenyewe uonyeshe umeshika.

Ukitembea kwenye mabenchi yale unasoma maisha ya mti kama picha za harusi ukutani. Kisiki cha mwaka wa pili kina machipuko mengi kichwani kama msichana aliyefumua nywele. Hapo ndipo anachagua machache na mengine anayaondoa. Chipukizi moja linaachwa lirefuke bila kuguswa ili linenepe na kuwa kilele kipya, kisha linakatwa, linaachwa tena, linakatwa tena, hadi shina lionekane linapungua unene kuelekea juu kama mti mzee wa kweli. Cha mwaka wa nne kina waya wa alumini umezungushwa kwenye matawi, tawi linashushwa polepole. Waya ukisahaulika unazama kwenye gome na kuacha kovu, na elmu hukua haraka, kwa hiyo inabidi ukague mara kwa mara. Cha mwaka wa saba ndicho kimehamishiwa chungu cha udongo cha bluu. Nusu mita tu, lakini ukiinama ukakitazama kwa usawa wa macho unaapa umesimama chini ya mti mkubwa wa uwanja wa kijiji.

Si wote wanaofika huko. Februari 2021 baridi kali isiyo ya kawaida iliangukia Texas, umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu. Elmu iliyoko ardhini huvumilia, lakini mizizi ndani ya chungu haina blanketi. Kaka alihamishia miti yote gereji usiku, na bado akazika mitatu. Tena kuna fangasi hatari wa elmu aliyetambuliwa Uholanzi miaka ya mwanzo ya 1920, anayesambazwa na mbawakawa. Aliingia Marekani kuanzia 1930 hivi na kuua mamilioni ya elmu zilizopamba mitaa ya miji.

Ila wakibahatika, wanazika watu. Mjini Washington kuna makumbusho ya bonsai yaliyoanza kwa miti 53 ambayo Japani iliizawadia Marekani mwaka 1976. Mmojawapo ni msonobari uliokuwa ukilelewa chunguni tangu 1625, na ulikuwa Hiroshima Agosti 6, 1945, bomu la atomiki lilipoanguka. Ukanusurika nyuma ya ukuta wa bustani.

Nikarudi zangu Bongo na mafua yangu, tukawa tunawasiliana kwa simu. Mwisho wa Machi ikaingia picha: vidoti vya kijani kwenye gome! Nikashangilia. Kaka akanikata maini. "Tulia. Hiyo ni akiba inaliwa. Kisiki kinaweza kuchipua bila mzizi hata mmoja mpya, halafu Julai kinaanguka. Subiri joto."

Basi tukasubiri joto. Juni, Julai, Agosti, nyuzi 38 na kuendelea. Kila picha ikiingia naogopa kuifungua. Oktoba akanitumia picha ya upande wa chini wa sanduku. Kwenye nyufa za mbao zilikuwa zimetokeza nyuzinyuzi nyeupe. Mizizi mipya.

Siku hiyohiyo akampigia yule mzee, ambaye alishahamia mjini kwa binti yake. Shamba limekuwa mtaa, geti halipo. Mzee akasikiliza, akauliza utaingia lini kwenye chungu chake. Kaka akamwambia, mambo yakienda sawa, 2029, na siku hiyo atampelekea mezani autazame. Mzee yuko miaka 78. Kimya kikapita, kisha akasema, "Basi nitajitahidi."

Kwa wale mtakaoniuliza kama elmu inaota Dar, jibu ni usijisumbue, inataka baridi yake. Ila jamii za mkuyu, mkwaju na bogenvilia zinakubali kabisa mchezo huu katika nchi za joto, na miche ipo kwa wauza maua wa barabarani. Tafadhali usiende kuchimba msitu wa hifadhi bila kibali, utaishia kituoni na hiyo sahani yako. Anza na mche wa bei poa, mkasi mkali na subira, na ukiwa mtu wa kutaka matokeo mwisho wa mwezi, nunua maua ya plastiki.

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.