Safari ya Voi kwa Ajili ya Mtu wa Matairi

Wako watu wafungao safari kwa ajili ya elimu, wako wafungao safari kwa ajili ya biashara, na wako waendao kuwazuru jamaa zao. Safari tunayoisimulia hapa haikuwa mojawapo ya hizo. Tulitoka Mombasa saa nne ya asubuhi, siku ya Jumamosi, tukaishika barabara ya Nairobi mpaka Voi, mwendo wa kiasi cha kilometa 150, kwenda kununua kisanamu cha plastiki.

Aliyetutia katika safari hiyo ni mpwa wetu, kijana wa miaka 22, fundi wa kuziba pancha huko Changamwe. Kwa muda mrefu alikuwa akikitamani kisanamu cha yule mtu mnene, mweupe, wa matairi ya Michelin, ambacho zamani madereva walikifunga juu ya kichwa cha lori. Kilikuwa kitu cha kutangazia bidhaa tu. Leo wako watu wanaovitafuta visanamu hivyo na kuviweka kama hazina. Mjukuu wa mzee mmoja wa Voi, dereva wa malori aliyestaafu, alimpelekea picha kwa simu: kisanamu kizima, kina ufa mguuni tu, bei yake shilingi 1,500. Mpwa wetu alikwisha kuulizia mjini, akaambiwa kwamba cha namna ile hakipatikani kwa chini ya shilingi 6,000. Usiku ule usingizi haukumjia.

Tulipita Mazeras na Mariakani, malori yamefuatana mbele yetu kama siafu, naye akitusimulia habari za kipenzi chake. Alisema kwamba katika mwaka 1894, kwenye maonyesho ya mji wa Lyon, Ufaransa, ndugu wawili Édouard na André Michelin waliona rundo la matairi, mmoja akasema kwamba lingetiwa mikono lingefanana na mtu. Baadaye mchoraji aliyejiita O'Galop aliwaonyesha picha iliyokataliwa na watengenezaji wa pombe, ya mtu mnene aliyeinua kikombe cha bia. Mwaka 1898 picha hiyo ikageuzwa: mtu akawa wa matairi, na bia ikaondolewa, kikombe kikajazwa misumari na vipande vya chupa, maana yake kwamba tairi jema huvimeza vikwazo vya njiani. Akaitwa Bibendum, jina litokalo katika neno la Kilatini lenye maana ya kunywa. Naye ni mweupe kwa kuwa matairi ya siku zile hayakuwa meusi. Weusi ulikuja baadaye, masizi yalipochanganywa na mpira ili kuutia nguvu.

Adhana ya Adhuhuri ilitukuta Mackinnon Road, penye msikiti ulio kando ya reli, ambapo wasafiri wengi husimama kuswali. Hapo ndipo lilipo kaburi la Sayyid Baghali, mtu wa Punjab aliyefanya kazi katika ujenzi wa reli ya Uganda. Masimulizi husema kwamba karai la mzigo lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa.

Tulipokuwa tukivaa viatu, mpwa wetu alisema kwa furaha, "Mjomba, na tufanye haraka, asije mtu mwingine akamwambia mzee yule bei yake."

Maneno hayo yalituchoma. Tukamkumbusha kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikataza watu kutoka mjini kwenda kuipokea misafara njiani na kununua mali kabla wenyewe hawajafika sokoni wakaijua bei; na kwamba aliyekwisha kuuza hivyo alipewa hiari ya kuyavunja mauzo afikapo sokoni.

"Lakini, Mjomba," akajibu, "bei aliitaja mwenyewe. Mimi sikumdanganya."

"Hukumdanganya," tukasema. "Hata yule aliyetoka kuupokea msafara hakusema uongo. Aliitangulia habari tu."

Sisi si mafakihi, na huenda mwanachuoni akatofautisha jambo lile na hili. Lakini tangu hapo mpaka Maungu hakuna aliyesema neno.

Mzee wa Voi alitupokea vizuri, tukaletewa chai na mihogo. Kisha akakitoa kisanamu katika gunia. Alisema kwamba alipewa bure siku aliponunua matairi mapya, akakifunga juu ya lori, kikaenda Kampala na kurudi mara asizoweza kuzihesabu. Mpwa wetu alikipokea kwa mikono miwili, akakaa nacho kimya kwa kitambo. Sisi hatukumsaidia.

"Mzee wangu," akasema mwishowe, "kitu hiki mjini huuzwa shilingi elfu sita."

Mzee alimtazama mjukuu wake, akakichukua kisanamu taratibu, akakirudisha ndani ya gunia. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Basi ngojeni niulizane na wanangu."

Tukarudi mikono mitupu. Mpwa wetu hakufungua kinywa mpaka Mariakani. Hapo alisema, "Mjomba, umenipotezea kisanamu." Hatukuwa na la kumjibu, kwa kuwa yaliwezekana kuwa kweli.

Baada ya wiki tatu simu ililia. Mzee alitaka shilingi 5,500, si chini ya hapo. Kijana alikuwa na 3,000. Alimwomba amngojee mpaka mwisho wa mwezi wa pili, na mzee akangoja, ijapokuwa, kama alivyotuambia baadaye, alikwisha tokea mtu mwingine aliyekitaka. Mpwa wetu akaenda kwa basi, akarudi nacho magotini.

Mama yake alikataa kabisa sanamu isiwekwe sebuleni, na hatukumlaumu. Kimewekwa kazini Changamwe, juu ya mashine ya kujazia upepo, na kila dereva apitaye hukicheka. Wengine humwuliza alikipata kwa bei gani. Huitaja yote, shilingi 5,500 na nauli, wala hainamishi macho.