Usilipie kasi ambayo kompyuta yako haitaitumia

Mwaka jana nilinunua kompyuta ya mezani iliyotumika, zile zinazoundwa kiwandani kwa ajili ya ofisi. Ilikuwa na RAM moja ya DDR4, GB 4. Kila nikifungua orodha ya wakulima wangu ilikwama. Nikachukua hela ya mbegu za shamba langu, nikanunua RAM mbili za GB 8, kasi 3200, za bei ya juu.

Nilipowasha, zikasoma 2666. Nikaingia BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, nipandishe kasi na kupunguza muda wa RAM kusubiri. Sehemu hiyo haikuwepo, mtengenezaji ameifunga. Fundi akacheka: "Bwana shamba, bodi hii ina mwisho wake." Nikamuuliza kuhusu kuweka BIOS nyingine ya mtandaoni. Akakataa: ikigoma katikati, mashine haiwaki tena.

Kompyuta sasa haikwami, lakini ni kwa sababu ya ukubwa wa GB 16 na RAM kuwa jozi. RAM za 2666 zingetosha, na robo eka yangu isingelala bila mbegu.

Kabla ya kununua, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, fungua sehemu ya memori. Utaona kasi inayotumika na nafasi zilizobaki. Kisha muulize fundi kikomo cha bodi. Ongeza ukubwa kwanza. Mbegu ya umwagiliaji haifai shamba lisilo na maji.