Kelele na Kimya Mezani

Mwanangu hucheza pool, mchezo ambao wengi wetu huuhusisha upesi na kamari. Nilipoketi naye kuyatazama mashindano ya Mosconi Cup, yanayozikutanisha Ulaya na Marekani tangu 1994, nilishangazwa na kelele. Mashabiki huimba, hushangilia na kuzomea, naye mchezaji ana sekunde 30 tu za kupiga mpira. Kwenye snuka, katika ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, hata kikohozi husikika.

Nilimwuliza kipi humsumbua zaidi. “Baba, kelele zisizokoma mtu huzizoea. Kinachoutikisa mkono ni simu kulia ghafla watu wakiwa wametulia.”

Namwamini, ila kimya nacho kina uzito wake. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, Mosconi Cup ilichezwa Coventry bila watazamaji. Ulaya ikashinda 11–3. Sisemi ukumbi mtupu ndio uliowaangusha Wamarekani. Lakini aliyekosa mpira rahisi mle hakuwa na wa kumzomea wala wa kumliwaza.

Jumamosi kijana ana shindano lake la kwanza, lisilo na dau. Ameniomba nihudhurie. Nitakwenda, inshallah, ingawa sijaamua kama nitamshangilia au nitanyamaza.