Lofoi: safari tunayoitayarisha kwa mara ya pili



Sisi ni kikundi cha wamama tisa wa hapa Lubumbashi. Wanne kati yetu ni waalimu, wawili wanauza sokoni, wawili wanashona nguo na mmoja ni muuguzi. Juma hili tunapenda kuwaeleza namna tunavyotayarisha safari ya kwenda kuona maporomoko ya Lofoi, juu ya mlima Kundelungu. Labda kikundi kingine kitapata hapa shauri la kukisaidia.

Jambo lilianzia darasani. Katika somo la historia tunawafundisha watoto kwamba mwaka 1891, wakati Mwami M'Siri alikuwa angali anatawala Bunkeya, watu wa Dola Huru ya Kongo waliweka kituo chao karibu na mto Lofoi. Katika jografia tunawafundisha kwamba mto huohuo unafika kwenye ukingo wa mlima na kuanguka kwa mara moja, zaidi ya mita 300, na kwamba ni moja ya maporomoko marefu sana ya Afrika. Siku moja mtoto wa darasa la sita akainua mkono: "Madamu, wewe umeyaona?" Hatukuwa na jibu. Tulimwuliza kila mwalimu wa shule, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameyaona. Wazungu wanatoka Ulaya kuja kuyatazama, na sisi ambao tuko katika jimbo moja nayo tunayachora kwa chaki tu.

Mwaka jana tulijaribu. Tulikwenda wakati wa mapumziko ya Pasaka kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, na hatukufikiri zaidi ya hapo. Mvua ilikuwa haijaisha. Tulipoacha barabara ya Kasenga na kuingia katika njia ya udongo, gari lilizama katika matope mpaka mlango. Tulilisukuma mpaka jua likatua. Mtoto mmoja tuliyekuwa naye akapata homa usiku. Mama mmoja wa kijiji cha karibu alitufungulia nyumba yake, akatupikia bukari na mboga, akakaa macho pamoja nasi na yule mtoto. Tulilala kwake siku mbili, kisha tukarudi nyumbani bila kuona hata tone la Lofoi. Kabla ya kuagana alituuliza: "Lakini mulikuwa munaenda kutafuta nini huko juu?" Tukamwambia: "Maji." Akacheka sana. "Maji? Mungeniambia, kisima iko hapa nyuma ya nyumba!"

Tulirudi na aibu, lakini pia na funzo. Safari ya mlimani haianzi siku ya kupanda gari. Inaanza miezi mingi mbele.

Swali la kwanza lilikuwa wakati. Lofoi ina maji mengi wakati njia imeharibika, na njia inakuwa nzuri wakati maji yanapungua. Katika mwezi wa nne maji ni mengi lakini matope ni mengi vilevile. Katika mwezi wa nane na wa tisa gari linapita vizuri, lakini mto umekuwa mwembamba na majani ya mlima yameungua kwa moto. Na sisi waalimu hatuwezi kuacha darasa wakati wa mitihani. Tulibishana majuma matatu. Mwishoni tulichagua sikukuu ya tarehe 30 mwezi wa sita: mvua imekatika tangu majuma mengi, udongo umekauka, na mto bado una nguvu. Kasoro yake ni baridi. Lubumbashi iko kwenye kimo cha mita 1 200 hivi, na uwanda wa Kundelungu unapita mita 1 600. Kama hapa nyumbani mwezi wa sita tunatafuta triko asubuhi, kule usiku itakuwa vipi? Kwa hiyo kila mama atabeba blanketi yake mwenyewe. Hakuna kusema "tutalala wawili wawili".

Swali la pili lilikuwa feza. Kila mama anatoa franka 10 000 kwa juma, kwa muda wa majuma 20. Hiyo inafanya franka 1 800 000. Sehemu kubwa ni ya gari na mafuta. Inayobaki ni ya kuingia katika mbuga, ya mwongozaji na ya chakula. Mwenye kukosa juma moja analipa mawili juma linalofuata, na daftari linasomwa mbele ya wote. Mama wa mboga alitoa mara nyingine noti za franka 500 zilizokunjwa kama karanga. Hakuchelewa hata mara moja.

Swali la tatu lilikuja bila kuitwa. Bwana wa mwenzetu mmoja alikataa. Tulikasirika kwanza, wengine wakasema anataka tu kumfungia mke wake jikoni. Kisha wakubwa wawili wa kikundi walikwenda kumsikiliza. Alisema: "Mwaka jana mtoto wangu alirudi na homa. Na huko porini, mnajua nani anatembea?" Tulinyamaza. Lilikuwa swali ambalo sisi wenyewe tulipaswa kuuliza. Kundelungu ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1970, na wanaoilinda ni ICCN. Mtu haingii humo kama anavyoingia sokoni. Tulikwenda kuomba ruhusa, tukauliza habari za usalama, na tumekubaliana kuuliza tena juma la mwisho na siku moja kabla ya kuondoka. Wakisema "ngojeni", tutangoja, hata kama chakula kimekwisha kununuliwa. Yule bwana aliposikia hayo alikubali, akatuazima kamba ndefu na jembe la kuondolea gari katika matope.

Watoto hawataenda safari hii. Ukingo wa Lofoi ni mwamba mtupu, hakuna ukuta wala kamba, na chini ni shimo ambalo macho hayafiki vizuri. Sisi wenyewe tutatazama tukiwa tumekaa chini, mbali na ukingo, tena nyuma ya mwongozaji. Kushuka mpaka mguu wa maporomoko kunataka siku nzima na magoti ya vijana, na hiyo tumeiacha. Watoto watabaki katika nyumba tatu, wakigawanywa kwa umri, na kila nyumba ina bibi au shangazi mmoja. Tumeandika orodha: nani anakula nini, nani anakojoa kitandani, nani ana dawa.

Tangu mwezi wa tatu tunatembea kila siku ya posho, kandokando ya mto Kafubu, na mizigo mgongoni. Mara ya kwanza tulitembea saa moja, tukarudi na malengelenge, kwa sababu wengine walivaa viatu vya kanisani. Sasa tunatembea saa nne. Tumejifunza kwamba litri tatu za maji ni kilo tatu, na kwamba kilo tatu saa ya kwanza si kilo tatu saa ya nne. Kambambili ni za jioni tu. Kikwembe kimoja cha ziada kinafanya kazi ya shuka, ya mfuko na ya pazia.

Chakula ni unga wa bukari, samaki wa kukauka, maharagi, karanga na viazi vitamu. Sombe tutaila nyumbani, kwa sababu haivumilii safari. Tutabeba mbabula na makala yetu, maana katika mbuga hatukati miti, na majani makavu yanashika moto kwa cheche moja. Maji ya mto tutayachemsha. Muuguzi wetu ametayarisha dawa za homa, bandeji, chumvi na sukari kwa mwenye kuhara, na vitambaa kwa mwenye kufikiwa na siku zake njiani. Jambo hilo la mwisho tulilisema wazi, bila haya. Kwa kuwa huko juu simu inaweza kukosa mtandao, karatasi yenye majina yetu, njia na siku ya kurudi itabaki kwa katibu wa shirika. Kama jioni ya siku ya tatu hatujarudi, yeye anajua nani wa kupigia.

Inabaki nafasi ya tisa. Mwenzetu mmoja ana mimba, na kufika mwezi wa sita itakuwa kubwa. Alilia kidogo, kisha akasema njia ile haifai kwa tumbo lake. Tulitaka kumrudishia feza zake. Akakataa. Akasema: "Nafasi yangu mumupe mama ya kule kijijini."

Tulishangaa kwamba sisi wote hatukuwaza hivyo. Mama yule amezaliwa chini ya Kundelungu, ana wajukuu, na usiku ule wa homa alituambia kwamba hajapanda kamwe kuona Lofoi. Mashamba, watoto na kisima havikumpa nafasi. Tulimtumia habari kwa dereva wa lori la makala. Jibu limerudi juma lililopita: atakuja, lakini anauliza kama viatu ni vya lazima.

Mama wa sokoni amekwisha kumtafutia viatu. Tumekisia namba ya mguu tu, kwa hiyo amenunua pia soksi nene za kujazia. Chumvi na sabuni za kumshukuru ziko tayari katika mfuko.

Yule mtoto aliyetuuliza swali sasa yuko shule ya sekondari. Akipita njiani anatuuliza: "Madamu, bado?" Tunamjibu: "Bado. Lakini tuko njiani."