Daftari la Mwewe

Kuhesabu ni kazi isiyo na sifa. Mshairi husifiwa, mjenzi husifiwa, hata mpishi wa pilau la harusi hupewa mkono wa pongezi. Lakini sijapata kusikia mtu akishangiliwa kwa kuwa amehesabu vizuri. Hata hivyo wahenga wetu walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi niliyeshika daftari la mahudhurio kwa miaka mingi, kwanza katika shule za msingi na baadaye nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nimeutafakari usemi huo mara nyingi, na naona uzito wake uko kwenye yale maneno mawili ya mwisho. Vitu hupotea, ndiyo desturi ya dunia. Msiba mkubwa ni kupotea pasipo mtu kuwa na habari.

Mwaka 2018, mwezi wa Septemba, nilikwenda kumtembelea binti yangu anayeishi na mumewe katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mkwe wangu alitambua upesi kwamba mzee huyu hawezi kushinda ndani akitazama televisheni, basi akanipeleka kwenye mlima uitwao Hawk Mountain, yaani Mlima wa Mwewe. Tulipanda njia ya mawe polepole, mimi na bakora yangu, hadi kwenye majabali ya kileleni. Hapo nilikuta watu wameketi juu ya mito waliyotoka nayo nyumbani, darubini shingoni, chupa za chai kando. Wengi wao walikuwa wastaafu kama mimi. Hawakulipwa hata senti. Kazi yao ilikuwa kuhesabu mwewe, tai na vipanga wanaohama kwenda kusini kabla ya baridi kuingia. Hesabu hiyo huanza tarehe 15 Agosti na kumalizika tarehe 15 Desemba, kila siku hali ya hewa inaporuhusu.

Nilivutiwa na namna wanavyofanya. Jua likichomoza vizuri, ardhi hupata moto na hewa hupanda juu kama moshi wa tanuri. Mwewe huingia katika hewa hiyo na kuzunguka wakipandishwa bila kupiga bawa, wakati mwingine mamia kwa pamoja, kisha huteleza kuelekea kusini wakitafuta mahali pengine pa kupandia. Wanapozunguka, wahesabuji hungoja tu. Wanapotoka juu na kupanga mstari, ndipo vidole gumba huanza kubonyeza vidude vya kuhesabia. Nilicheka peke yangu. Mwalimu yeyote anajua kwamba watoto hawahesabiki wakati wa mapumziko, huhesabiwa mstarini. Kila saa mmoja wao aliandika daftarini idadi ya kila aina, upepo unatoka wapi, joto ni kiasi gani na mawingu yako vipi. Kama saa nzima imepita bila ndege, aliandika sifuri. Nilimheshimu sana kwa sifuri ile.

Mlima huo una historia chungu. Zamani wawindaji walijipanga kileleni kila mwaka majani yanapoanza kupukutika, wakawapiga mwewe risasi kwa mchezo, maana wakulima waliwaona kuwa wezi wa vifaranga. Kuanzia mwaka 1929 serikali ya jimbo ilitoa hata zawadi ya dola 5 kwa kila mwewe wa aina moja aliyeuawa, na katika miaka ile ya dhiki dola 5 zilikuwa fedha. Mwaka 1932 kijana mmoja, Richard Pough, alipiga picha za mizoga iliyopangwa chini kama samaki sokoni. Picha zile zilimfikia mama mmoja wa New York, Rosalie Edge. Mwaka 1934 mama huyo alikodi mlima, eka 1,400 hivi, akamweka Maurice Broun kuwa mlinzi pamoja na mkewe Irma. Irma alisimama langoni kuwakabili wenye bunduki. Mumewe alipanda kileleni na kuanza kuhesabu.

Mtu mwenye haraka angeuliza: bunduki zimekwisha kuzuiwa, kuhesabu ni kwa faida gani? Jibu lilikuja baada ya zaidi ya miaka 20. Broun alikuwa akiandika si idadi ya tai tu, bali pia wangapi ni wakubwa na wangapi ni wadogo wa mwaka ule. Kati ya mwaka 1935 na 1939, tai weupe kichwani walipopita, 40 katika kila 100 walikuwa wadogo. Kati ya mwaka 1955 na 1959 walibaki 20 katika kila 100, na mwaka 1957 alionekana mdogo mmoja tu kwa kila wakubwa 32. Tai wakubwa walikuwa bado wanapita, wamenona na wana afya. Mtu asiye na daftari angesema tai wapo. Lakini mkuu wa shule anajua maana ya hesabu kama ile: ni shule ambayo darasa la saba limejaa na darasa la kwanza ni tupu. Shule hiyo imekwisha kufa, ila bado haijazikwa.

Rachel Carson alizitumia hesabu hizo katika kitabu chake Silent Spring cha mwaka 1962, kilichoeleza madhara ya DDT. Dawa hiyo ilikuwa ikiingia katika samaki, kutoka samaki ikaingia katika ndege, na mayai yao yakawa na maganda membamba yanayovunjika kabla ya kuanguliwa. Mwaka 1972 Marekani iliipiga marufuku katika kilimo. Tai wakarudi kidogo kidogo, na mwaka 2007 waliondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Niliposikia habari hiyo pale juu, moyo wangu ulirudi nyumbani, kwenye daftari lingine. Katika miaka ya 1990 chuo nilichokiongoza kilikuwa na orodha ya wahitimu wake wote, na kila mwaka tuliuliza kila mmoja anafundisha wapi. Aliyefariki jina lake lilipigwa mstari kwa wino mwekundu. Nikaanza kuona wino ule ukishuka ukurasa, na siyo katika majina ya wazee. Walikuwa vijana wa juzi, ambao niliwasahihisha mimi mwenyewe maandalio yao ya somo. Msibani tuliambiwa ni malaria, ni kifua, amerogwa na wivu wa watu. Kila msiba peke yake uliwezekana kuaminika. Ukurasa mzima haukuwezekana.

Siku moja nililichukua daftari hilo hadi mkutanoni, nikawasomea wanachuo hesabu tupu, mwaka kwa mwaka, bila kutaja jina la mtu, kisha nikalitamka neno UKIMWI. Wapo wakubwa walionikemea kwamba natia watu hofu na kuwaaibisha marehemu. Sikujibu kwa maneno mengi. Nilisema kwamba marehemu hawa waliandikwa hapa wakiwa hai, na kuwaandika vizuri ndiyo heshima iliyobaki. Tangu siku ile vijana waliuliza maswali yao waziwazi, ya kweli, ambayo hapo awali waliulizana gizani.

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba mambo ya mwewe ni ya Wamarekani peke yao. Huko Batumi, katika nchi ya Georgia kando ya Bahari Nyeusi, watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi wamekuwa wakihesabu tangu mwaka 2008, na katika msimu mmoja huvuka zaidi ya milioni moja. Wengi wa ndege hao wanakuja kwetu Afrika. Kila mvua za kwanza zinapotoa kumbikumbi hapa Dodoma, huwaona pia vipanga wadogo wenye miguu myekundu, wanaotoka mbali kaskazini mashariki ya Asia na kuvuka Bahari ya Hindi ili wapite juu ya mihogo yangu.

Sasa nina daftari la kurasa 64, na wajukuu wawili wenye macho makali kuliko yangu. Tunaandika tarehe, saa, upepo na idadi. Mdogo aliniuliza aandike nini siku ambayo hakuna kilichopita. Nilimwambia aandike sifuri, tena kwa mwandiko mzuri, maana huenda ipo siku mtu atakuja kuihitaji.