Pesa Yenye Shingo ya Beleshi

Zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, China ilipokuwa chini ya wafalme wa Zhou, watu walikuwa na pesa yenye umbo la beleshi. Ilitengenezwa kwa shaba iliyoyeyushwa pamoja na bati. Zile za mwanzo zilikuwa na shingo yenye uwazi ndani, kama vile zinasubiri mpini. Lakini kulima nazo huwezi, bati lake ni jembamba mno. Baadaye hata ule uwazi ukaondolewa. Zikawa ndogo, bapa, zikaandikwa majina ya miji kama Anyi. Mwaka 221 KK Qin Shi Huang aliiunganisha nchi, na sarafu ya duara yenye tundu la mraba ikawa pesa ya wote.

Kwa nini beleshi? Wataalamu wengi husema ni kwa sababu vifaa vyenyewe vya kulimia vilikuwa mali ya kubadilishana kabla ya hapo.

Mimi Mrundi hilo halinishangazi. Bibi yangu alikuwa akitusimulia kwamba mahari yake ilihesabiwa ng'ombe na majembe. Ukipokea jembe, kesho yake unaingia nalo shambani. Hakuna wa kukuambia thamani yake imeshuka.

Wachina wale walichukua miaka mamia kufika kwenye pesa isiyolima. Sisi huku kambini tunafika kwa siku moja. Mgao ulipopunguzwa, mama mmoja jirani yangu aliuza jembe alilolimia kibustani chake cha mchicha. Jembe likawa hela, hela ikawa unga, unga ukawa ugali, na jioni ugali ukaisha.

Wafanyakazi wa mashirika, mkitupa unga, asante. Mkitupa pesa, asante pia, maana kila mtu anajua shida ya nyumbani kwake. Ila mnapokaa kwenye mikutano yenu, tuulizieni na hili: tutalima wapi, na kwa jembe gani? Mtu anayelima haombi mchicha.

Yule mama aliuza chuma tu. Mpini ameubakiza, ameuegemeza ukutani karibu na mlango. Watoto wakitaka kuufanya kuni, anawafokea.